Gari la mbio kwa bei nafuu: nafuu ya nani?

Katika nchi ya majani chai, Oktoba si mwezi kama miezi mingine. Ndio mwezi ambao wakulima wadogo wanaouza majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupata bonasi yao ya mwaka. Hapa Silibwet, mwendo mfupi kutoka mjini Bomet, mabati huuzwa kwa wingi, madeni ya dukani hulipwa, na vijana huanza kuyatazama magari kwa jicho la mnunuzi, si la mpita njia.

Oktoba ya 2023 mjadala wa magari uliingia nyumbani kwetu. Ndugu yangu mdogo, mwalimu wa shule ya upili, wakati huo akiwa na umri wa miaka 27, alikuwa amejinyima hadi akaweka shilingi laki tano na nusu. Huko Nairobi alikuwa ameona Mazda RX-8 nyekundu, gari la mbio hasa, kwa bei hiyohiyo. Kwa upande mwingine kulikuwa na Toyota Probox, nayo imetumika, isiyo na urembo wowote, na mwenyewe hakutaka kushuka chini ya laki nane na nusu.

Ajabu iliyoje! Gari linaloweza kukimbia kama swara linauzwa kwa bei ya chini kuliko gari la kubebea magunia ya viazi.

Mama, baada ya kusikiliza kwa utulivu, alisema angeongeza laki tatu zilizopungua ili mwanawe apate Probox. Fedha hizo zingetoka katika bonasi na akiba yake ya chama. Mimi nikiwa kifungua mimba nilitakiwa kutoa kauli. Nilijua jambo ambalo mama hakulitaja: fedha hizo tayari zilikuwa na kazi. Kitinda mimba wetu alikuwa anatarajiwa kuanza masomo ya uuguzi, na karo haisubiri.

Basi, mpenzi msomaji, shauri hili halikuwa la magari mawili tu.

Tuanze na lile jekundu. Ndugu yangu alikuwa na hoja, na sipendi kumfanyia mzaha. Mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu yale ya 2002, alikwenda Naivasha kuyatazama na akarudi amejaa vumbi na furaha. “Kaka,” aliniambia, “nikishaoa nitabeba magunia, nitabeba watoto, nitabeba na wakwe. Sasa nisipoendesha gari la kunifurahisha, nitaliendesha lini?” Swali hilo lilininyamazisha kwa muda.

Lakini bei ya chini ina sababu. Injini ya RX-8 haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake mna rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na ukubwa wake ni lita 1.3 tu. Ni ufundi wa kusifika. Injini ya aina hiyo ndiyo iliyowapa Mazda ushindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka wa 1991. Hata hivyo, injini hiyo iliundwa ichome oili kidogo kidogo ili kulainisha sili zilizo kwenye ncha za rota. Mwenye gari asipopima oili mara kwa mara, sili huchakaa, nguvu hupungua, na hatimaye gari hukataa kuwaka likiwa moto. Isitoshe, hunywa petroli kuliko udogo wa injini unavyodokeza.

Kuna la pili. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. RX-8 ziliacha kutengenezwa mwaka wa 2012. Hii ina maana kwamba zile zinazouzwa leo ziliingia nchini zamani, na yamkini zimepita katika mikono ya watu kadhaa, kila mmoja akiwa na tabia yake ya kupima oili au kutoipima. Bei yake ni ya chini kwa kuwa gharama kubwa imeachiwa mnunuzi wa mwisho. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtu akitaja gari la mbio katika sehemu hizi, wazee humkumbuka Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932. Alishinda Safari mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Ndugu yangu aliposikia hivyo alirukaruka kwa furaha. “Unaona? Gari kuukuu la mbio lilishinda!” Nikamkumbusha kwamba Joginder mwenyewe alikuwa fundi. Aliijua spana kabla hajaujua usukani wa mashindano. Sisi hapa Silibwet tunao mafundi hodari wa Toyota, lakini kwa injini ya rota ingebidi gari lipelekwe Nairobi, zaidi ya kilomita mia mbili, pengine juu ya lori.

Na barabara? Lami ipo, lakini nyumbani kwetu hakuko kando ya lami. Mvua inaponyesha, na katika nchi ya chai hunyesha kwelikweli, udongo mwekundu huwa kama sabuni. Gari ambalo tumbo lake liko karibu na ardhi litalala kwa jirani. Mama, ambaye hajui rota wala pistoni, alilisema hili kwa ufupi: “Gari lisiloweza kunifikisha Tenwek usiku wa mvua ni la kupigia picha.”

Je, Probox ndiyo iliyokuwa jibu? Polepole. Gari hilo, lililozinduliwa Japani mwaka wa 2002, lina sifa zake: vipuri hupatikana kila mji, fundi yeyote analielewa, na ukiliuza baada ya miaka mitatu hupati hasara kubwa. Lakini sifa hizo zote unazilipia siku ya kununua. Kuna watu waliomwambia ndugu yangu asihofu, eti gari hilo litajilipa lenyewe kwa kubeba abiria siku za soko. Huu ni ushauri wa hatari. Gari lenye bima ya matumizi ya kibinafsi likipata ajali likiwa limebeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa fidia. Hapo atalia mwenye gari, na watalia walioumia.

Kwa hiyo hesabu ilibaki palepale: gari jekundu lingekula mshahara wa mwalimu kidogo kidogo, na gari la magunia lingekula karo ya dada yetu kwa mkupuo.

Kauli niliyotoa haikumpendeza mtu. Nilisema asinunue lolote mwaka ule. Mama alinuna, kwa kuwa ukarimu wake ulikuwa umekataliwa. Ndugu yangu alikaa wiki mbili bila kunipigia simu. Lakini aliweka laki tano na nusu zake katika Sacco ya walimu, na dada yetu akaenda chuoni kwa wakati. Mwezi wa Agosti 2024 alichukua mkopo wa kiasi kilichobaki, akanunua Probox. Kabla ya kulipa alimleta fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, akahakikisha pia katika kumbukumbu za NTSA kwamba logibuku haina jina la benki wala deni.

Sitakudanganya kwamba anaipenda. Anaiosha Jumamosi kama mtu anayeosha sufuria. Mwaka huohuo, hata hivyo, ilimfikisha mama hospitalini saa nane za usiku, na hakuna aliyeuliza rangi yake.

Tangu hapo vijana kadhaa wameniuliza iwapo ni dhambi kununua gari la raha. Si dhambi hata kidogo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na ujana nao una haki zake. Shauri langu ni moja: gari la raha linunuliwe kwa fedha za raha, yaani fedha ambazo hakuna mtu mwingine anayezingoja. Kabla hujauliza gari linakwenda kasi gani, uliza nani nyumbani atabaki nyuma utakapoliwasha. Ukimkosa, basi nunua jekundu, na usisahau kupima oili.