Nchi ya Chakula Kiotacho Majini

Ndugu msomaji, leo twende safari ya mbali, hata jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Usisahau koti zito, maana wakati wa baridi maziwa ya huko huganda yakawa magumu kama jiwe, na watu hupita juu yake kwa miguu bila hofu. Wenyewe huiita nchi yao nchi ya maziwa elfu kumi. Upande wa mashariki kuna Ziwa Superior, ambalo kwa eneo lake lapita hata Viktoria Nyanza.

Hapo ndipo wakaapo Waanishinaabe, ambao wengine huwaita Waojibwe. Wazee wao husimulia kwamba zamani walikaa mbali mashariki, karibu na bahari, wakaambiwa waende magharibi mpaka waone chakula kiotacho juu ya maji. Wakaenda vizazi kwa vizazi. Walipofika kwenye maziwa haya wakaona majani marefu yamesimama ndani ya maji, na vichwani yamebeba punje nyembamba. Chakula hicho wakiita manoomin. Sisi tungesema mpunga wa mwitu, ingawa si mpunga ule ule tulimao sisi.

Ungefika huko mwisho wa Agosti au mwezi wa Septemba, ungewakuta watu wawili wawili katika mitumbwi. Mmoja asukuma kwa upondo, mwenziwe ameketi na vijiti viwili vyepesi. Kwa kijiti kimoja huinamisha mabua juu ya mtumbwi, kwa kingine huyapapasa, na punje zilizoiva huanguka ndani. Hapigi kwa nguvu, maana bua likivunjika, punje changa hazitaiva tena. Hata sheria ya jimbo yasema kijiti kisizidi inchi 30 kwa urefu wala ratli 1 kwa uzito. Punje nyingine huanguka majini, wala hakuna azililiaye: hizo ndizo mbegu za mwaka ujao.

Wakirudi pwani huanika mpunga, wakaukaanga katika chungu kikubwa huku wakikoroga daima usiungue. Kisha hutiwa katika shimo dogo, na kijana mwepesi, amevaa viatu laini vya ngozi, huukanyaga kama achezaye ngoma, mpaka makapi yatoke. Mwisho hupepetwa kwa ungo wa gome la mti. Mama yeyote aliyepata kupepeta uwele wa nyumbani ataelewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Basi waweza kuuliza: watu wenye chakula chema hivi, mbona vijana wao wengi hawakijui? Jibu ni chungu. Mwaka 1887 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kuigawa ardhi ya makabila vipande vipande. Wakati huo makabila yote ya asili yalikuwa na eka kama milioni 138. Ilipofika 1934 zilibaki kama milioni 48 tu. Watoto nao walipelekwa shule za bweni, za serikali na hata za misheni, ambako walikatazwa lugha yao na desturi zao. Jambo hilo latuhusu sisi Wakatoliki pia: mwaka 1991 na miaka iliyofuata maaskofu na mapadre walikiri makosa kama hayo huko Kanada, na mwaka 2022 Papa Fransisko mwenyewe alisafiri hadi huko kuomba msamaha. Mtoto aliyenyamazishwa miaka kumi atajuaje jina la jani, au siku ya kuvuna?

Sasa wenyeji wamejaribu njia moja ambayo wengi wetu tungeidhania upuuzi tu: mchezo wa kompyuta. Mwaka 2019 ulitolewa mchezo uitwao When Rivers Were Trails, yaani Mito Ilipokuwa Njia. Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo ni Elizabeth LaPensée, ambaye ni wa uzao wa Waanishinaabe, na waandishi wengi wa makabila ya asili walimsaidia. Mchezaji huwa Mwanishinaabe wa miaka ya 1890, aliyeondolewa kwao Fond du Lac, hapo hapo Minnesota, naye hushika njia ya magharibi mpaka California. Njiani lazima awinde, avue samaki, atafute dawa, na kuwaheshimu watu wa koo zingine. Asipoangalia mwili, akili, moyo na roho yake pamoja, safari humshinda. Hivyo kijana ajifunza kwamba chakula, ardhi na ujamaa ni kamba moja: ukikata uzi mmoja, yote hulegea.

Walakini tusidanganyike. Kioo hakina harufu ya moshi wa chungu, wala hakimloweshi mtu miguu. Ndiyo sababu makabila huwachukua vijana mpaka ziwani wakati wa mavuno, wakashike upondo mbele ya wazee. Mchezo ni kama kengele: huita watu, lakini haiwalishi.

Na wewe, msomaji, mwanao aliye mjini akirudi likizo na simu mkononi, usimgombeze kwanza. Muulize kama aweza kutaja aina tatu za mboga za mwitu alizochuma bibi yake, na mwezi wa kuzichuma. Akishindwa, usiilaumu simu peke yake. Mchukue shambani kesho asubuhi, na bibi atangulie. Simu na aje nayo, apige picha za majani na kuandika majina yake, maana siku moja bibi hatakuwapo wa kuulizwa.