Bunduki ya askari mdogo ndiyo huvunjika kwanza



Juma hili sileti habari za bei ya unga wala za umeme kukatika. Nataka kuwaambia juu ya kazi ninayofanya jioni, nikimaliza kuandika: kutengeneza silaha za wanasesere wadogo walioanguka. Kuna askari wa plastiki wanaopatikana ndani ya marobota ya mitumba, na kuna mashujaa wa malakaiti na shaba ambao watu wa kwetu huchonga na kuuzia wageni. Askari wa aina yoyote akianguka sakafuni, kichwa kinabaki na miguu inabaki. Mkuki au bunduki ndivyo hukatika, kwa kuwa ni vyembamba na vimetokeza nje ya mwili.

Wengine watasema huo ni mchezo wa wazungu. Ni kweli kwamba Ulaya watu wazima hucheza vita juu ya meza kwa askari wenye kimo cha milimita 28 hivi, na mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikwisha kuandika kitabu kizima cha kanuni za mchezo huo mwaka 1913. Lakini mji wetu haumo mbali na mambo hayo. Tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, wakati Likasi ikiitwa Jadotville, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu kama 155 chini ya Pat Quinlan, kilizungukwa hapa na jeshi la Katanga lililokuwa na mamluki pamoja nalo. Waliishiwa maji na risasi, wakajisalimisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu yao, nayo ilipigwa Afrika Kusini, si hapa. Kuna wachezaji huko ng'ambo ambao huiweka Jadotville mezani, na vijumba vyake na barabara zake. Huwa nawaza kwamba bunduki ya kijaluba ikivunjika kule, mtu anainama chini ya meza kuitafuta, akitaja jina la mji wetu ambao hajawahi kuuona.

Turudi kwenye kazi. Kabla ya kushika gundi, ujue kwanza plastiki yako. Chukua beseni la maji, tia kile kipande kilichovunjika. Kikielea, ni plastiki laini, ya namna moja na ile ya ndoo na vidumu. Hiyo haikubali gundi hata ukimwaga kitubu kizima. Wazazi wengi hupoteza franga zao hapo, kisha wanasema gundi ya sokoni ni ya uongo. Kikizama, mara nyingi ni plastiki ngumu, na hiyo inashika.

Kwa ile laini, dawa ni waya wa moto. Nakata kipande cha waya wa shaba kirefu kama ukucha, nakishika kwa koleo, nakipasha juu ya mshumaa, nakisukuma polepole ndani ya mkono wa askari. Plastiki inayeyuka kidogo, inaukumbatia waya, inapoa. Ncha ya pili ya waya inaingia ndani ya bunduki kwa njia ile ile. Fungua dirisha, maana ule moshi si mzuri, na watoto wakae mbali.

Kwa plastiki ngumu na kwa risasi ya zamani natoboa baridi. Keekee yangu ni sindano ya kushonea niliyoivunja tundu na kuinoa ncha yake pande mbili, nikaipachika kwenye kijiti. Naizungusha kwa vidole, taratibu, mpaka tundu lifike kama milimita tatu. Nasafisha vumbi, natia waya, natia tone moja la gundi. Tone moja! Gundi ya haraka hushika kwa nguvu ukivuta, lakini ikigongwa inapasuka kama kioo, ndiyo sababu peke yake haitoshi. Waya ndio unaobeba, gundi inazuia tu usitoke. Kwa mkuki wa malakaiti natumia gundi ya vitubu viwili inayochanganywa, na siigusi mpaka kesho yake.

Malakaiti nayo ina adabu yake. Ni jiwe laini kuliko chuma, linatoboka bila shida, lakini linapasuka kwa kufuata mistari yake ya kijani. Utoboe ukilidondoshea maji. Vumbi lake ni vumbi la shaba, usilivute puani, na kitambaa mdomoni si aibu.

Waya wenyewe natoa wapi? Katika injini ndogo zilizoungua, kwa wale wanaozifunga upya. Wananipa mabaki kwa bei ya peremende. Nasugua ile rangi yake kwa msasa kwanza, la sivyo gundi haitashika shaba. Vijana wamewahi kuniletea waya mnene wa kebo, mzuri, unaong'aa, wakisema wameuokota. Siupokei. Mtaa unalala gizani siku ngapi kwa sababu ya waya kama huo?

Uzuri wa shaba ni kwamba askari akianguka tena, mkuki wake unapinda tu, haukatiki. Unaunyosha kwa kidole. Ukiunyosha mara nyingi unakuwa mgumu na mwisho utakatika, lakini ukiupasha moto mpaka uwe mwekundu unalainika upya. Wazee wa Katanga waliokuwa wakiyeyusha misalaba ya shaba ya kununulia vitu walijua tabia hiyo ya shaba kabla ya kampuni yoyote kufika huku.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama mmoja kutoka upande wa Mitwaba, anayeishi kwa jamaa yake huku Kikula, alikuja na mtoto wake wa kiume wa miaka tisa hivi. Watu wa Mitwaba, Manono na Pweto nadhani hawahitaji nieleze kwa nini eneo lao liliitwa pembetatu ya kifo. Mtoto alifungua mkono: askari wa plastiki laini, wa kijani, na bunduki yake peke yake, imekatika mkononi.

Mama akasema mbele: "Papa, usimurudishie ile bunduki. Tulikimbia mabunduki. Umuwekee jembe, ao kijiti."

Nilimwelewa. Ningeweza kutengeneza jembe kwa dakika kumi, waya unaugonga kichwa mpaka unakuwa bapa. Lakini kitu ni cha mtoto, nikamuuliza yeye: huyu askari anafanya kazi gani?

Akajibu bila kunitazama: "Ni ule wa ku barieri. Alitupitisha."

Mama akanyamaza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba njiani palikuwa na kizuizi, na askari wa pale aliitazama familia, akasogeza kamba, akawaambia wapite upesi. Hakudai kitu. Yeye alifikiri mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa dada yake.

"Bunduki yake ilikuwa inaangalia wapi?" nikauliza.

"Chini," akasema mtoto.

Askari wale wa kijani hutengenezwa wakilenga. Huyu alikuwa ameinua mikono kifuani, bunduki ikitazama mbele. Nilipasha mkono wake kwenye maji ya moto sana, ukalainika, nikaushusha, nikautia kwenye maji baridi ukabaki hapo. Mikono ya plastiki hiyo ina ukaidi, hutaka kurudi ilivyokuwa, ikabidi nirudie mara tatu. Kisha nikaweka waya wa moto mahali pawili: mmoja mkononi, mwingine pajani, na bunduki ikalala sambamba na mguu, mdomo ukitazama ardhi. Niseme kama fundi, hivyo ni imara kuliko alivyotoka kiwandani. Silaha iliyoshikwa mahali pawili karibu na mwili haina pa kukamatwa na sakafu.

Mama aliigeuzageuza. Hakusema ni vizuri wala vibaya. Alimrudishia mtoto, akauliza bei. Nilimwambia waya ni wa mabaki na mshumaa ulikuwa unawaka hata hivyo.

Wenyeji wenye umri wangu wanakumbuka gare yetu mwaka 1992 na 1993, familia za Wakasai zikilala pale zikingoja treni ya kuwaondoa katika mji waliozaliwa. Walibeba sufuria, godoro, picha za harusi. Vitu vya watoto vilikuwa vile tu vilivyoingia mfukoni. Nikiona mtoto wa leo amevuka njia yote hiyo na askari wa urefu wa kidole, siwezi kumwambia mama yake kuwa ni takataka.

Mwenye kitu kama hicho asitupe kile kipande kidogo kilichokatika. Akifunge kwenye karatasi, aje nacho. Kutengeneza bunduki mpya naweza, lakini ile ya zamani mtoto anaijua. Jioni nipo, isipokuwa siku za mkutano wa mtaa. Kwa sasa mezani nina shujaa wa malakaiti asiye na mkuki, wa mzee mmoja wa Panda, na nangoja waya mnene kidogo.