"Tu" ni akina nani?

Nilipokuwa kwetu Bijombo, milimani juu ya Uvira, nilimsimulia shangazi kuhusu PALM, utafiti wa dawa nne za Ebola uliofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jina hilo limetokana na Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Akauliza, "Tulinde? Sisi akina nani?"

Kiambishi tu- hakionyeshi kama msikilizaji yumo. Nikamtajia wagonjwa 681 waliopangiwa dawa kwa kura hadi Agosti 2019, na mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, ambaye kingamwili zake zilizaa mAb114, mojawapo ya dawa mbili zilizookoa wengi zaidi.

"Hao wamo," akasema. "Na sisi wa huku?"

Utafiti umekamilika, ila kitenzi tulinde bado ni ombi, mpaka dawa zipande mlima.