Fimbo Tuliyoifungua Wadi Bani Awf

Kati ya Al Hamra na Rustaq, nchini Oman, milima ya Hajar imesimama kama ukuta. Njia ya kuuvuka ukuta huo hupanda hadi Sharaf al Alamayn, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka upande wa pili kwa kona kali kuelekea vijiji vya Hat na Bilad Sayt. Tuliipita miaka kadhaa iliyopita, wakati upande huo wa pili ulikuwa bado ni vumbi na changarawe.

Tulikuwa watu saba katika Land Cruiser ya zamani. Ami yetu, mkazi wa Maskati, ndiye aliyekuwa dereva. Sisi wengine tulikuwa wageni kutoka Tanga. Bibi alikuwa na haja moja tu katika safari ile: kuiona Bilad Sayt, alikozaliwa marehemu baba yake kabla ya kuvuka bahari kwenda Unguja.

Haja yake ilitimia, Alhamdulillahi. Alikaa juu ya ukuta wa shamba, mitende ikiwa mbele yake na maji ya falaji yakipita miguuni, akanyamaza kwa muda mrefu. Hatukumharakisha. Ndiyo maana tulipoondoka alasiri ilikuwa imekwisha kusonga.

Chini ya kijiji njia huingia Wadi Bani Awf. Wadi ni korongo ambalo siku nyingi huwa kavu, na mvua ikinyesha milimani hugeuka mto kwa muda mfupi. Mafuriko ya siku zilizotangulia yalikuwa yameondoa kipande cha njia na kuacha mawe makubwa yaliyotawanyika. Ami alilisimamisha gari mahali palipo tambarare, akatoa spana, akalala chali chini ya bampa ya mbele.

“Ami, mbona unaifungua gari yetu?” aliuliza mdogo wetu wa mwisho.

“Ninaipa ruhusa ya kutembea,” alijibu.

Alichokuwa akikifungua ni fimbo ya stabilaiza. Hiyo ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa ncha zake mbili, ambayo huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Barabarani kazi yake ni kubwa. Gari likikata kona kwa kasi, bodi hutaka kulalia upande mmoja. Fimbo hujinyonga na kuuzuia mlalo huo. Lakini kwenye mawe wema huo hugeuka kizuizi. Gurudumu moja likipanda jiwe, jingine halina budi kushuka shimoni ili likanyage ardhi, na fimbo hulizuia lisishuke. Likibaki hewani, huzunguka bure na gari hukwama.

Ami alifungua viungio vya pande zote mbili, akaikunja fimbo juu na kuifunga kwa kamba, isije ikagonga tairi wala mpira wa breki. Alitueleza kuwa faida huonekana zaidi katika magari ya ekseli nzima, kama lile letu. Alitutajia pia kuwa Jeep Wrangler aina ya Rubicon, tangu mwaka 2007, hufungua fimbo ya mbele kwa kubonyeza swichi, na kwamba mwendo ukikaribia kilomita 30 kwa saa fimbo hiyo hujifunga yenyewe. “Hii yetu haijifungi,” alisema. “Lazima mtu akumbuke.”

Tukaingia katika mawe kwa gia nzito, polepole kuliko mtu anayetembea. Watoto walishuka wakatembea pembeni na mama yao, wakiyatazama magurudumu. Moja lilipanda karibu kugusa bodi, mwenzake akateremka na kushika changarawe. Bibi, aliyebaki ndani, alishika mpini wa mlango akasema tu kuwa safari ya punda aliyosimuliwa na baba yake haikuwa na raha hata hiyo.

Tulipoyamaliza mawe, jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma ya mlima, na lami haikuwa mbali. Ami akalala tena chini ya gari. Kiungio cha kushoto kiliingia. Cha kulia kilikataa, tundu halikulingana na bolti. Alijaribu mara tatu, jasho likimtoka. Mmoja wetu, kwa uchovu, akasema: “Ami, si upande mmoja umefungwa? Twende hivyo hivyo, Bibi amechoka.”

Ami alitoka chini akajifuta mikono. “Upande mmoja si nusu ya kazi, mwanangu. Ni sawa na kutofunga kabisa. Huko mbele kuna lami na kona, na gari limejaa roho za watu.”

Kisha akaiangalia ardhi. Gurudumu la kulia lilikuwa katika kishimo kidogo, na gari lisiposimama tambarare pande mbili hazilingani. Akalisogeza hatua chache. Watoto wakaamriwa waisukume bodi juu ya gurudumu, chini, juu, chini, mpaka sauti ikatoka chini ya gari: “Basi! Imeingia.” Akakaza nati zote mbili, kisha akazijaribu tena kwa spana. Tukaswali Magharibi papo hapo, Bibi akiwa ameketi, ndipo tukaondoka.

Tulipofika kwenye lami giza lilikuwa limeingia. Katika kona ya tatu taa zilimulika mbuzi waliolala barabarani wakiota joto lililobaki la mchana. Ami alikanyaga breki na kukata usukani kushoto, kisha kulia. Gari liliinama kidogo, likajirudi, likasimama wima. Hakuna aliyesema neno. Yule aliyependekeza twende hivyo hivyo alimtazama Ami, kisha akatazama chini.

Bibi hakuamka. Alikuwa amelala na kichwa chake begani mwa mjukuu, na ndani ya ncha ya mtandio wake alikuwa amefunga tende tatu za Bilad Sayt.