Ukuta wa sponji

Najua nimewatupa karibu miezi miwili, na kuna waliokwisha kunitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, mwaka wa tatu, Elimu na Bailojia, na boom likitoka nala chipsi kama nyie. Nilikuwa na kesi tu. Nimeua samaki tisa.

Iko hivi. Kwenye maabara yetu kuna tangi la kioo pale dirishani, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Ndani kuna mchanga, majani ya Vallisneria marefu kama utepe (haya haya yanayoota Ziwa Tanganyika), na walikuwemo gapi 11. Anayelitunza ni fundi wa maabara, tunamwita Mzee basi, hata jina lake wengi hawalijui. Mkewe alilazwa, akaomba likizo kwenda kumuuguza, akaniita mimi. "Mwalimu, nakuachia hawa watoto." Mnajua nilivyojisikia? Kati ya darasa zima, mimi!

Basi bwana, nikaamua kuwa mtunzaji bora kuliko Mzee mwenyewe. Kwenye kona ya tangi kulikuwa na chujio la sponji, dogo kama ngumi, linasukumwa na pampu ya hewa. Lilikuwa limejaa uchafu wa kahawia, linatia kinyaa. Kila Jumamosi nikalitoa, nikaliweka chini ya bomba, nikalikamua mpaka maji yakatoka meupe. Sabuni sikutumia, akili hiyo angalau nilikuwa nayo. Halafu najaza tangi kwa maji hayo hayo ya bomba. Maji yaling'aa kama ya chupa. Hata picha nilipiga, nikamtumia Mzee huko hospitali, akajibu "safi sana mwalimu".

Jumamosi ya tatu nikaosha kama kawa. Jumatatu nikakuta samaki wote wako juu wanahema. Jumatano wamebaki wawili. Maji bado yanang'aa.

Kinachouma ni kwamba hili jambo nililijua. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua yake, saa zote, hata akiwa amelala. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na majani yanaila. Mzunguko wa nitrojeni, wadau! Niliuchora kwenye mtihani na mishale yake yote. Ila sikuwahi kujiuliza hao bakteria wanaishi wapi. Hawaelei elei tu majini, wanajishika mahali, na kwenye lile tangi wengi wao walikuwa kwenye ile kahawia niliyokuwa naikamua. Na klorini ya bomba imewekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuua bakteria. Mimi na klorini tukasaidiana.

Nilikaa siku mbili bila kumpigia simu. Ya tatu nikapiga.

"Shikamoo Mzee. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba mwalimu. Mama leo kakaa kitako, kanywa uji. Watoto wazima?"

Nikanyamaza. Akanyamaza na yeye. Halafu akauliza polepole, "Umeosha sponji?"

"Ndiyo Mzee."

"Bomba?"

"Ndiyo Mzee."

Nilisubiri anitukane. Laiti angenitukana. Akasema: "Usininunulie samaki wengine. Hao wawili waweke kwenye ndoo na majani, uwabadilishie maji kidogo kila siku, maji yalale kwanza. Halafu nitengenezee chujio ambalo kijana mwenye bidii hawezi kulitoa akaliosha." Akakata.

Nikaanza kutafuta. Nikakuta Wajerumani wana kitu wanakiita Hamburger Mattenfilter, tuseme chujio la mkeka la Hamburg. Ni rahisi mpaka unacheka. Badala ya sponji ndogo kwenye kona, unasimamisha sponji nzima kama ukuta, kutoka kioo hadi kioo, kutoka chini hadi juu ya maji. Nyuma ya ukuta unaacha chumba chembamba. Unavuta maji kutoka kwenye chumba hicho unayarudisha mbele, na maji hayana njia nyingine ya kurudi nyuma isipokuwa kupenya sponji. Yanapenya polepole, eneo ni kubwa, uchafu unanaswa na kuoza taratibu, bakteria wanajenga mji. Wapo wanaokaa miaka bila kuligusa. Nikasema hili ndilo lile la Mzee.

Sponji nilifuata Keko kwa mafundi wa makochi. Fundi akanikatia kipande cha unene wa sentimita 5, akaniuliza ni cha kiti gani. Nikamwambia cha samaki. Akaniangalia, akapunguza bei. Nadhani alinihurumia.

Kukata kunataka kisu cha mkate chenye meno, na ukate upana uzidi kidogo, kama sentimita moja, ili sponji ijibane yenyewe kati ya vioo. Pembeni niligandisha zile reli za plastiki ambazo mafundi umeme wanapitishia nyaya ukutani, mbili kila upande, sponji inakaa katikati kama dirisha la kusukuma. Gundi ni silikoni isiyo na dawa ya ukungu, ile inayonuka siki, na usitie maji kabla haijakauka na harufu kuisha. Mimi nilisubiri siku mbili. Mchanga uliondolewa kwanza pale ukuta unaposimama, sponji ikakanyaga kioo cha chini, maana ukiisimamisha juu ya mchanga maji yatapita kwa chini na umejenga pambo.

Kwa kusukuma nilitumia pampu ile ile ya hewa. Nyuma ya ukuta nilisimamisha bomba la plastiki lenye kona juu, nikatoboa sponji karibu na uso wa maji, mdomo wa bomba ukatokeza mbele. Mpira wa hewa unaingia chini ya bomba, mapovu yanapanda na maji yanapanda nayo. Ilipoanza kutiririka nilipiga kelele peke yangu maabara.

Siku ya 11 ukaziba. Sponji ya kochi ina matundu madogo mno, maji hayapiti. Kule nyuma maji yalishuka sentimita 4 kuliko mbele, ukuta umejikunja kama mtu mwenye njaa. Ile unayotaka ni ya matundu 20 hadi 30 kwa inchi, yaani ukiiweka kwenye mwanga unayaona matundu kwa macho. Niliipata kwa muuza samaki wa mapambo mmoja mjini, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mama yangu anasoma hii blogu. Wiki ile nilikula kwa mama ntilie kwa mkopo.

Safari hii nilipima. Chupa ya lita 1.5 ilijaa kwa sekunde 30, yaani lita 3 kwa dakika. Ukuta upana 30, maji kimo 28, sentimita za mraba 840. Gawa 3,000 kwa 840, maji yanapenya kama sentimita 3.6 kila dakika. Wazoefu wanapenda 5 hadi 10, ila tangi lina kama lita 50, maana yake maji yote yanapita ukutani zaidi ya mara 3 kwa saa. Kwa gapi wawili ni ufalme.

Halafu umeme ukakatika usiku. Asubuhi nakuta sakafu imelowa na tangi lina maji nusu! Pampu nilikuwa nimeiweka chini, na hewa ilipokoma, maji yakarudi kwa mpira ule ule mpaka sakafuni. Pampu ikae juu ya usawa wa maji, wadau, au uweke vali ya kuzuia maji kurudi. Sasa hivi iko juu ya kabati la mifupa.

Wale wawili waliingia tangini, nikawa nawalisha kidogo mno na kupima kila siku. Siku ya 9 nitriti ikapanda hadi miligramu 2 kwa lita, nikabadilisha theluthi ya maji, maji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo. (Klorini inatoka ikilala. Kama kwenu wanatia kloramini, hiyo haitoki hivyo, tafuta dawa yake.) Kesho yake tena. Wiki ya tano kipimo kikasoma sifuri, nikarudia, sifuri. Ukuta sasa ni wa kahawia, una utelezi, konokono wanautembelea. Mkono unawasha kweli kweli, lakini sijaugusa.

Mzee karudi Jumatatu. Mama yuko nyumbani, anatembea. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu bila kusema, akainama akachungulia kwenye Vallisneria, akanionyesha kwa kidole. Vitoto vya gapi, wadogo kuliko punje ya mchele. Nilihesabu saba. Mzee alihesabu tisa, mimi sikubishana.

"Umeosha?"

"Hapana Mzee."

"Haya. Twende ukanywe chai."

Kipindi changu ni saa mbili na sijapiga pasi, tutaonana wiki ijayo.