Siku Mutrah Ilipogeuzwa Unguja



Wengi wenu mmewahi kufika Maskati, kuzuru jamaa au kuhudhuria harusi, na bila ya shaka Mutrah mmefikishwa, kwani mwenyeji wa Maskati hamwachi mgeni wake aondoke bila ya kumtembeza pwani ile. Mji umekaa kwenye ghuba iliyopinda kama mundu. Nyuma yake imesimama milima ya mawe matupu isiyo na mti, na juu ya jabali iko ngome ambayo Wareno waliijenga katika miaka ya 1580. Soko lake la kale, lenye vichochoro vilivyoezekwa hata jua lisiingie, wazee wakiliita soko la giza. Mbele, zikitazama bahari, zimejipanga nyumba nyeupe zenye roshani za mbao. Hizo ni za mtaa wa Sur al-Lawatia, mtaa wenye ukuta na lango lake, ambao mgeni huutazama kwa nje akapita zake. Bandarini meli za mizigo hazionekani tena kama zamani, kwani mwaka 2014 shughuli zake zilihamishiwa Suhar, na sasa zinatia nanga meli za watalii.

Hapo ndipo, Jumamosi moja ya mwezi wa Januari 2023, nilipokuwa miongoni mwa watu kama thelathini tuliokusanywa kuwa wasindikizaji katika video ya wimbo wa taarabu. Msindikizaji haimbi wala hasemi. Kazi yake ni kupita njia, kuketi barazani, kupiga makofi anapoamrishwa, ili anayetazama aamini kwamba pale pana watu na maisha yao. Mwimbaji ni bibi wa Unguja aliyealikwa Maskati kuimba katika harusi mbili. Jina lake silitaji, kwani waliomwalika ni watu wasiopenda kuandikwa. Itoshe niseme kwamba mimi na khalati yangu, dada wa marehemu mama, tumekuwa mashabiki wake tangu zama za kanda, na kwamba khalati anaweza kukwambia ubeti gani uko upande gani wa kanda ipi.

Maskati si ngeni kwa kamera. Hata filamu ya Kihindi, Once Upon ay Time in Mumbai Dobaara!, iliyotoka mwaka 2013, sehemu yake ilipigwa Oman. Lakini matakwa ya video hii yalikuwa ya namna yake: ilitakiwa Unguja ya miaka ya 1950. Mwenye kulipa gharama anaishi Maskati, mwimbaji alikuwa na siku mbili tu, na huko Forodhani kwenyewe Beit al-Ajaib ilikuwa majeruhi tangu sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Basi ikaamuliwa Mutrah iwe Unguja kwa siku moja.

Aliyebuni hilo hakukosea sana. Tangu Sayyid Said bin Sultan alipoufanya Unguja kuwa makao yake katika karne ya 19, miji hii miwili imepeana watu, milango, vyakula na hata kofia. Hiyo kuma wanayoivaa wanaume wa Oman leo ni jamaa wa karibu wa kofia yetu ya viua. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, watu wengi walihama Unguja na Pemba, na baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, maelfu walikuja kujenga nchi wakiwa na elimu yao na Kiswahili chao. Ndiyo maana haikuwa tabu kupata wasindikizaji. Mzee mmoja alizaliwa Malindi, bibi mmoja Wete, khalati Mkunazini. Waliombwa waigize watu wa mji ambao wao wenyewe walitolewa wakiwa watoto, na malipo yalikuwa riali 10 na chakula cha mchana.

Kabla ya kufika hapo nyumbani kulikuwa na maneno. Lazima nieleze kwa wale ambao hawajahudhuria harusi za Maskati za siku hizi: ukumbi wa wanawake ni wa wanawake, na mara nyingi simu huachwa mlangoni. Ndani ya ukumbi huo mama wa watu wazima hucheza, hutunza na hujimwaga, kwa kuwa anajua hakuna jicho la mtu wa nje. Taarabu yetu imeishi hivyo, nyuma ya mlango uliofungwa. Video ni kinyume chake kabisa, ni mlango uliofunguliwa na ukang'olewa. Mwanawe khalati, binamu yangu, alikuja Al-Khoudh usiku ule akaketi chini mbele ya mama yake, akasema kwa adabu, "Mama, mimi sikukatazi. Lakini kitu kikishatoka hakirudi. Watoto wangu watakuwa watu wazima, na wewe utakuwa bado unacheza kwenye simu za watu."

Khalati hakukasirika. Alimwambia, "Mwanangu, umesema kweli. Basi mimi nitakwenda, uso wangu hautakwenda."

Akaagiza iandikwe katika karatasi kwamba sura yake na ya bibi yeyote atakayetaka hivyo haitaonyeshwa, na kwamba watazitazama picha kabla hazijatolewa. Yule kijana mwongozaji, Muomani aliyezaliwa Maskati, aliandika kwa mkono wake. Kiswahili chake ni cha jikoni, cha bibi yake: njoo, kula, kaa kitako, wacha. Lakini karatasi aliiandika vizuri, kwa Kiarabu fasaha, akatia saini.

Ninaona hapa pana jambo la kufikiriwa na sisi tunaoishi ughaibuni, ambako kila harusi huwa na simu mia moja hewani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na zikarudi pwani yote zikiimba. Wangapi waliijua sauti yake, na wangapi waliiona sura yake? Sauti ilisafiri peke yake na haikupungukiwa na kitu.

Tulifika Mutrah jua ndilo kwanza linachomoza. Jambo la kwanza lililozuka lilikuwa mlima. Kijana aliisimamisha kamera yake ukingoni mwa bahari, akaielekeza kwenye zile roshani, akafurahi. Khalati alikwenda akasimama nyuma yake, akatazama kidogo, akasema, "Unguja haina mlima, baba."

"Tutaukata, bibi," akajibu.

"Mlima unakatwa?"

Akamwonyesha kwenye kioo jinsi picha inavyoweza kubanwa, juu ikomee kwenye ukingo wa dari na kando ikomee kwenye nguzo ya mwisho. Kuanzia hapo ikawa mchezo: kila kamera ilipohamishwa, wazee watatu walikwenda kuhakikisha kwamba jabali halikuchungulia. Na kwa kweli, ukishauondoa mlima, bahari ikiwa mbele na nyumba nyeupe nyuma, moyo unadanganyika. Mzee wa Malindi aliketi juu ya kigogo na bakora yake kama alivyoelekezwa, na hata walipomwambia kwamba picha yake imekwisha hakuondoka pale kwa muda.

Kisha mavazi. Wasichana watano walikuwa wamevishwa kanga, na kati yao wawili maandishi yalikuwa kichwa chini miguu juu, mmoja amejifunga upande wa ndani nje. Kwa aliyezaliwa Maskati au Birmingham kanga ni nguo yenye rangi nzuri. Kwa bibi wa Wete ni barua, na barua haibandikwi kichwa chini. Wakavuliwa wakafungwa upya. Mabuibui nayo yalikuwa abaya za Ghuba, zile zinazofunguka mbele, ambazo katika miaka ya 1950 Unguja haikuzijua. Khalati aliwaeleza buibui la kamba, linavyokazwa kichwani na linavyokusanywa kwa mkono. Halikupatikana, bila ya shaka. Walichukua shuka jeusi la satini wakalibana kwa pini, nao mabibi wakafundisha namna ya kulishika. Nilipowaona wale wasichana wakipita pwani kwa mwendo waliofundishwa, nilitambua kwamba ule mwendo mimi mwenyewe siujui.

Nililolistaajabia zaidi ni namna wimbo unavyopigiwa picha. Mwimbaji haimbi, anafuatisha kwa midomo wimbo uliokwisha kurikodiwa, unaotoka kwenye spika. Palipotakiwa mwendo wa madaha, kamera ilipiga picha 50 kwa sekunde badala ya 25, ili zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida kila kitendo kichukue muda maradufu. Lakini midomo nayo ingeachana na wimbo. Kwa hiyo wimbo ukapigwa kwa kasi maradufu, na bibi yetu akaufuatisha hivyo hivyo mbio mbio. Hebu fikirini taarabu nzito, ya kukaa na kutikisa kichwa, imegeuka sauti ya kasuku mwenye haraka, na mpiga fidla anasugua upinde kama anayekuna nazi! Sisi wasindikizaji tuliambiwa tupite kwa utulivu na heshima. Bibi wa Wete alicheka hata akabidi aondolewe kwenye picha. Mara kumi na moja tulipita njia ile ile, kila mtu akikumbuka alikuwa upande gani na kikapu kilikuwa mkono gani.

Adhuhuri ilipoadhiniwa spika zilizimwa, watu wakaenda kusali, na baada ya hapo tukala wali wa nyama na ndizi mbivu, tukimaliza na halua na kahawa.

Baada ya alasiri tukaingia katika ukumbi wa nyumba moja ya kukodi, si mbali na soko, kwa sehemu ya kutunza. Hapa mabibi walishika hatamu. Wanaume walitolewa, kamera akapewa msichana msaidizi, na mwongozaji akawekwa nyuma ya pazia na kioo chake kidogo. Nilimwuliza khalati pazia lina faida gani iwapo anaona kwenye kioo. Akanijibu, "Anaona kile tulichokubali aone."

Tukagaiwa noti 20 za riali moja moja, mali ya video, za kwenda kumtunza mwimbaji na kisha kurejeshwa. Kijana alikuwa ameuchagua ubeti wa kijembe, unaomsema jirani mchimbaji, akaagiza kupitia pazia kwamba hapo wanawake wote wainuke. Wasichana wakainuka. Khalati hakuinuka. Wimbo ukarudishwa, wakainuka tena, yeye kitini.

"Bibi, tafadhali," likasema pazia.

"Ubeti huo si wangu," akasema khalati. "Nikiinuka hapo, kesho Maskati nzima itauliza nina ugomvi na nani."

Aliyezoea taarabu ataelewa. Mtu hatunzi wimbo mzima, anatunza neno. Unapoinuka na noti yako wakati neno fulani linaimbwa, umelichukua neno hilo kuwa lako, na walioketi wanasoma. Kijana wa watu alidhani kutunza ni kama kupiga makofi katika Jumba la Opera, ambapo wote hupiga pamoja na hakuna anayeulizwa kwa nini. Akaelezwa kwa kirefu, na ninamsifu kwa kuwa alisikiliza. Akasema basi kila mmoja ainuke anapotaka.

Walipokuwa wakijaribu taa, wimbo ukiachwa uende tu, ulifika ubeti wa karibu na mwisho, unaomtaja msafiri aliyeuacha mlango wazi akidhani anarudi jioni. Khalati akainuka. Hakutazama mtu. Alikwenda kwa mwendo ule ule waliowafundisha wasichana, mkono mmoja umekusanya buibui, mwingine umenyoosha noti, akaiweka katika kiganja cha mwimbaji, na mwimbaji, ambaye siku nzima alikuwa akichezesha midomo tu, akauimba ubeti ule kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti ya spika. Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilishughulika na kanga yangu.

Pazia likauliza kama bibi angeweza kurudia, kwani taa hazikuwa tayari.

"Nimeshatunza," akasema khalati, akaketi.

Kumbe yule msichana msaidizi alikuwa hakuizima kamera. Alikuwa nyuma ya khalati, hivyo kilichopatikana ni bega, buibui na mkono.

Jioni noti zilipohesabiwa zilikuwa 21. Msaidizi akahesabu tena, zikawa 21. Khalati alikuwa ametoa ya kwake kutoka mkobani, na zile za video alizopewa zilikuwa bado chini ya mto wa kiti. Walitaka kumrejeshea. Akakataa, akasema hakumtunza mwenye video. Mwimbaji akaichukua noti ile akaikunja, akaitia kifuani.

Video ilitoka baada ya Idi. Tuliitazama Al-Khoudh, familia nzima, binamu yangu akiwa mbele kabisa. Sura ya khalati haimo. Mkono wake umekaa kwa muda wa sekunde nne. Zile roshani za Mutrah zimependeza, na asiyejua ataapa ni Unguja, isipokuwa mahali pamoja, mwanzoni, ambapo kando ya nguzo ya mwisho kipande cha jabali kimebaki. Khalati alikiona mara ya kwanza tu, akaamrisha isimamishwe, akawaita wajukuu mmoja mmoja waje wakitazame.