Kutoka Ushkaji Hadi Penzi: Siku Tatu Bandera

Hivi unajua kuna mji Marekani unaitwa Bendera? Sitanii. Unaandikwa Bandera, neno la Kihispania, na maana yake ni hiyohiyo unayoifikiria: kile kitambaa kinachopepea juu ya mlingoti wa shule. Sisi neno tulilipata kwa Wareno, watu wa Texas wakalipata kwa Wahispania, na kumbe tumekuwa tukilitumia pamoja miaka yote hii bila kujuana.

Habari hiyo alinipa mshkaji wangu kwa simu usiku wa manane. "Mhariri, njoo nikupeleke Bendera," akasema. Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Ngoja kwanza nikueleze huyu mshkaji ni nani. Tulijuana mwaka 2010 kwenye foleni ya kujisajili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mimi nasoma mawasiliano, yeye uhandisi. Ni mtoto wa Tanga, na baba yake alikuwa na kanda za Jim Reeves na Kenny Rogers ambazo zililia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo jamaa alikuja chuoni anaimba nyimbo za makauboi kwa Kiingereza cha Tanga, na bweni zima likamwita Kauboi. Mimi na yeye tulikopeshana nauli, tulifariji mioyo iliyoachwa, tulishauriana nani wa kumpenda na nani wa kumkimbia. Miaka kumi na tatu. Hatujawahi hata kushikana mikono vibaya.

Mwaka 2021 akaenda San Antonio kwa shahada ya pili, akapata kazi hukohuko. Oktoba 2023 nikachukua likizo, nikapanda ndege.

Sasa, msomaji wangu, kuna jambo nilikuwa nimelificha kwenye begi. Dar kulikuwa na kaka mmoja, mstaarabu, mwenye kazi yake, ambaye wazee wake walishaanza kuulizia lini walete barua ya posa. Nilitakiwa kutoa jibu nikirudi. Nikajiambia naenda Texas kumwomba mshkaji ushauri, kama kawaida yetu. Naye alikuwa na lake: kampuni yake ilimpa mkataba wa miaka minne katika jimbo lingine, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Tulikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

MJI WENYEWE

Kutoka San Antonio unashika barabara ya 16 kuelekea kaskazini magharibi, kama kilomita 80 hivi. Maduka makubwa yanaisha, vinaanza vilima vya mawe meupe, mialoni mifupi na nyaya za uzio zisizo na mwisho. Kisha kuna Mto Medina, maji ya kijani chini ya miti minene ya saiprasi, na umefika. Mji una watu wasiofika 1,000 kwa sensa ya mwaka 2020. Ukipiga chafya kwenye barabara kuu, upande wa pili wanakuombea afya.

Bandera ilianza mwaka 1853 kama kambi ya wapasua mbao. Mwaka 1855 zikaja familia kutoka Poland, na kanisa lao Katoliki la Mtakatifu Stanislaus bado lipo. Jina la mji lilipanda kwa sababu ya ng'ombe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilijaa ng'ombe wa pembe ndefu wasio na soko, wakati miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Basi vijana wakawaswaga kwa miguu mamia ya kilomita hadi kwenye reli. Bandera ikawa kituo cha kukusanyia mifugo ya kwenda kaskazini, na mpaka leo inajiita makao makuu ya makauboi duniani.

Na tusidanganywe na sinema. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na ufundi wenyewe wa kutupa kamba na kufuga juu ya farasi ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Nilivyosimama pale na nywele zangu za kusuka na kofia ya kuazima, sikujiona mgeni sana.

Adabu nayo ilinishangaza. Mzee anakugusia kofia akipishana nawe, vijana wanajibu wakubwa kwa heshima ambayo nyumbani tungeiita shikamoo. Tulipata kifungua kinywa OST, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1921, ambako viti vya kaunta ni matandiko ya farasi na kuna chumba kizima cha picha za John Wayne. Mshkaji akapanda tandiko, akaagiza mayai, akaimba kidogo. Watu wakapiga makofi. Kauboi wa Tanga alikuwa amefika kwao.

WAYA WA ALHAMISI

Tulilala kwenye ranchi ya wageni nje ya mji. Biashara hii ilianza hapa miaka ya 1920: mwenye ng'ombe anapokea watu wa mjini, anawapandisha farasi, anawalisha, wanarudi makwao wakitembea kama bata. Sisi tulichukua vyumba viwili. Mama mwenye ranchi akatutazama, akatazama funguo mbili, hakusema kitu.

Asubuhi ya Jumamosi mumewe alitufundisha kufunga tandiko. Kuna mkanda unaopita chini ya tumbo la farasi, nao ndio unaoshika kila kitu. Farasi mjanja anajaza tumbo hewa ukiufunga, kisha ukishaondoka anaitoa, mkanda unalegea, na wewe unajikuta chini. Kwa hiyo unaukaza, unamtembeza dakika chache, unaukaza tena. Mzee alifundisha akiwa amesimama chini. Yeye hakupanda. Moyo wake una matatizo, daktari amemkataza.

Usiku, baada ya kidari cha ng'ombe kilichopikwa kwa moshi siku nzima, mama alinikuta naosha vikombe, akanikataza, kisha akakaa akanisimulia.

Yeye na yule mzee walijuana wakiwa na miaka sita, kwenye basi la shule. Wakawa marafiki, basi. Kijana akaenda kwenye mashindano ya kupanda farasi wakali hadi akavunjika nyonga. Binti akaolewa na mwanaume wa mjini, maisha yakawa mazuri tu, mpaka mume akafariki. Akarudi kwenye shamba la wazazi wake, mjane, na rafiki yake wa zamani akawa anapita kila Alhamisi kumsaidia kurekebisha uzio.

"Kila Alhamisi," mama akaniambia, "waya ulikuwa umekatika palepale."

Ikafika mahali akashtuka. Jumatano moja usiku akatoka na tochi, akajificha nyuma ya mti. Nani anakuja? Rafiki yake, na koleo mkononi. Akakata waya wake mmoja, akauachia, akaondoka zake polepole na ile nyonga mbovu. Kesho yake asubuhi huyo anakuja kuutengeneza, amevaa shati safi.

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka sana.

"Unajua nilifanya nini?" akasema. "Nilikaa kimya. Miaka miwili. Kila Alhamisi nilioka mkate wa tufaha, yeye akatengeneza waya aliokata mwenyewe, tukala, akaondoka. Niliogopa nikisema nitampoteza. Yeye aliogopa hivyohivyo. Mwishowe nikamwambia, waya ukikatika Alhamisi hii, usirudi kwako."

Akanyamaza, akatazama barazani ambako mzee na mshkaji walikuwa wakibishana kuhusu gitaa.

"Sasa moyo wake ndiyo huo. Ile miaka miwili naitaka, na hakuna wa kunirudishia."

Nilienda chumbani nikajifanya nimelala. Ukweli nilikuwa napiga hesabu. Ni mara ngapi nimempigia mshkaji simu, kuvuka bahari, saa nane za usiku, kumwambia laptop yangu imegoma? Na ofisini kwetu tuna fundi, analipwa mshahara, anakaa meza ya tatu kutoka kwangu.

CHINI YA NGAZI

Jumapili mchana tulipita makumbusho ya Frontier Times, yaliyofunguliwa mwaka 1933. Huko kwenye vitu vya wafugaji nikamkumbuka Charles Goodnight, mfugaji mkubwa wa kaskazini mwa Texas, niliyemsoma kabla ya safari. Yeye na mwalimu aitwaye Mary Ann Dyer, watu wakimwita Molly, walifahamiana miaka ya 1860, wakati Goodnight akizunguka na ng'ombe. Walioana mwaka 1870, kisha wakahamia bonde la Palo Duro, mbali sana na majirani. Nyati wa nyikani walipokuwa wanamalizwa kwa bunduki, Molly ndiye aliyehimiza ndama waokolewe, na damu ya kundi lile ipo Texas mpaka leo. Nilimhadithia mshkaji, akasema, "Miaka yote hiyo anazunguka na ng'ombe? Mzee alichelewa kusema, huyo." Kisha tukatazamana, kila mtu akageukia kabati lake.

Usiku tukashuka ngazi za Arkey Blue's Silver Dollar, baa iliyo chini ya ardhi kwenye barabara kuu. Sakafu imemwagiwa unga wa mbao, dari iko chini, bendi inapiga. Wenza wa miaka themanini wanazunguka sakafuni taratibu, kofia haivuliwi. Mshkaji akanivuta. Hatua mbili za haraka, mbili za polepole, unga wa mbao unateleza chini ya viatu.

Nikamwambia palepale tukicheza. Kuhusu yule kaka, wazee wake, barua ya posa.

Akasimama. Watu wakatupita kulia na kushoto.

"Hongera," akasema, sauti imekauka. Kisha: "Unataka nikwambie nini? Nikushauri?"

"Laptop haijawahi kugoma," nikamjibu.

"Unasemaje?"

"Laptop yangu. Haikuwahi kuharibika. Hata mara moja."

Akanitazama muda mrefu. "Najua," akasema. "Fundi wenu nilisoma naye. Nilimuuliza tangu mwaka jana."

Msomaji wangu, nilitamani sakafu inimeze, unga wa mbao na vyote. Tukapanda ngazi, tukakaa nje ukingoni mwa barabara. Kulikuwa na baridi. Akaniambia alishaniandikia barua mara tatu na kuzichana. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mimi nikiumizwa na mapenzi nakupigia wewe," akasema. "Sasa wewe ukiniumiza, nitampigia nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nilimwambia tu kwamba mama wa ranchi alipoteza miaka miwili akitafuta jibu la swali hilohilo.

BAADA YA BANDERA

Asikwambie mtu kwamba yalikuwa maua matupu. Jumatatu aliukataa ule mkataba, na ulikuwa na pesa nzuri. Mimi nikarudi Dar kumwambia kaka wa watu ukweli, uso kwa uso. Alikuwa muungwana mpaka mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mama yangu alininunia mwezi mzima.

Mshkaji alimaliza kazi zake, akarudi Juni 2024 na masanduku mawili na jozi moja ya buti. Desemba wazee wa Tanga wakaleta barua. Na tuligombana, jamani! Tukiwa marafiki tuliweza kukaa wiki tatu bila simu na hakuna aliyeuliza. Tukiwa wapenzi, saa tatu bila ujumbe ni kesi. Halafu kuna pengo ambalo hakuna aliyenionya: yule mtu niliyekuwa namlalamikia kuhusu mwanaume wangu sasa ndiye mwanaume mwenyewe.

Dawa tuliyoipata ni Alhamisi. Kila Alhamisi jioni tunakula chipsi kwenye kibanda kilekile cha enzi za chuo, na ni marufuku kuzungumzia mahari, ukumbi au ndugu. Siku hiyo ni washkaji tu. Yeye anaita kukaza mkanda.

UKIPANGA KWENDA

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi San Antonio. Utabadilisha njiani, mara nyingi zaidi ya mara moja. Kabla ya kulipa tiketi, hakikisha masharti ya viza ubalozini, maana hubadilika. Kodi gari, kwani bila gari Texas utabaki barazani. Epuka Julai na Agosti kama hupendi joto kali. Vuli na majira ya kuchipua ni raha. Beba jinzi nzito na viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikanyagio. Kama hujawahi kupanda farasi sema ukweli, utapewa mpole.

Na kama unakwenda na rafiki wa siku nyingi, yule unayemwambia kila mtu kwamba "huyu ni kama kaka yangu tu", chukueni vyumba viwili kama sisi. Lakini kabla hujafunga begi jiulize: simu ile ya jana usiku, ulikuwa na shida kweli, au ulitoka na koleo?